Plamu ya Radojka

Osečina, 18 Januari 2009

Mwanangu Verica,

Hujambo huko Novi Sad? Mimi mzima, ila goti linanisumbua na theluji hii. Dereva wa basi nampa barua pamoja na chupa ya jemu. Akisema imepasuka njiani, ujue kaila.

Machi mama yako, Radojka wangu, atatimiza mwaka kaburini. Nimeamua kila nyumba iliyobeba jeneza lake niibebeshee kikonyo cha mti wake wa plamu ulio mbele ya dirisha la sebule, nikipandikize kwenye mti wao. Nyumba kumi na moja. Mwaka jana miti ya vijiji vya jirani ilidondosha matunda mabichi, wake ulinawiri. Yale majani uliyochukua kiangazi kuyapima maabara, yamesemaje?

Baba yako

Novi Sad, 9 Februari

Baba yangu,

Pole na goti. Jemu imefika salama, dereva umemsingizia bure.

Kazi ni ile ile ya virusi vya plamu. Wezi hodari hawa! Vikishaingia kwenye seli, hutokea vipande vidogo mno vya RNA, ile kemikali inayobeba maagizo ndani ya seli, navyo huzima maagizo ya seli yenyewe ya kujikinga. Seli inaendelea na shughuli zake huku inamlea mgeni. Ndivyo tunavyodhani mti mwingine huonekana mzima miaka mingi, kumbe unaambukiza.

Majani ya mama bado tunayashughulikia. Usiwe na haraka. Nakuja Pasaka, tutaongea.

Binti yako, Verica

Osečina, 30 Machi

Verica mwanangu,

Habari za kazi? Goti limepoa. Barua yako nilimsomea jirani Dobrivoje, akasema, “Mwambie hata serikali yetu inaishi hivyo hivyo!” Tulicheka sana.

Kumbukumbu ya mama ilikwenda vizuri. Kasisi alisali, tukammwagia pombe ya rakija kaburini, kisha nikazunguka na kisu changu. Nyumba zote kumi na moja nimebebesha. Jirani Stamena alilia, akakibusu kile kikonyo. Ulisema nisiwe na haraka, ila Pasaka ni mbali, na utomvu ukianza kupanda mtini haungoji.

Baba yako

Novi Sad, 3 Aprili

Baba,

Nisamehe. Yale majani yalikuwa na virusi. Nilijua tangu Novemba. Nilipima mara tatu nikiomba niwe nimekosea. Ulipouliza, nilikaa kuandika neno hilo moja, nikaishia kukueleza habari za seli. Niliogopa, maana ulikuwa umebakiwa na mti huo tu.

Vikonyo vyote ving'olewe, pamoja na miti iliyobebeshwa. Na wa mama pia. Nakuja Jumamosi tuzunguke wote.

Verica wako

Osečina, 8 Aprili

Verica,

Mimi mzima. Jumamosi usije, nimeshamaliza.

Miti yao ilikuwa mizima, nami nimeikata yote. Wengi walinisaidia. Stamena alisimama mlangoni: “Milisav, mara ya kwanza ulikuja na kisu, ya pili na shoka. Ya tatu usije.”

Wa mama niliukata mwisho. Ndani sikuona hata doa.

Ungeniambia tu, mwanangu. Mama yako nilimuuguza miezi saba. Habari mbaya naziweza.

Pasaka uje. Sebule imekuwa na mwanga mwingi, sijauzoea.

Baba