Siku Mdomo Wangu Uliponata

Kewanja, Tarime

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ugonile? Mgongo unasemaje siku hizi, na yule jogoo wako mwenye hasira bado anafukuza wageni? Mimi ni mzima, ila meno yananiuma kidogo, na sababu yake ndiyo habari yenyewe. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nakujua. Simu utaiweka sauti ya juu, na kabla sijamaliza Kyela nzima itakuwa inanicheka.

Kazi ya karasha inaendelea. Tunawasagia wachimbaji mawe yao, vumbi linaingia hadi kwenye chai, na kila mtu hapa anaamini kesho ndiyo siku yake. Mimi dhahabu yangu nimeiona juu ya ardhi. Unamkumbuka Bhoke, niliyekutumia picha yake ukasema ana macho ya mtu asiyedanganyika? Kwao ni Matongo, na anafanya kazi kwenye mgahawa wa Mama Luz, mama wa Kifilipino ambaye mume wake ni fundi mitambo huku. Shida ilikuwa kwa baba yake, Mzee Chacha. Alikuwa hajanikubali. Anasema watu waliofuata dhahabu wana maneno mengi na adabu hawana. Mchumba wa kwanza wa Bhoke alikwenda kwao akaongea mchana kutwa, hadi mzee akanyanyuka akaenda kulala, akamwacha anahutubia ng'ombe. Nami unanijua, Mama. Bhoke alinionya kabisa: "Baba akikuuliza kitu, jibu neno moja. Ukifika la pili umekwisha."

Basi, Jumamosi iliyopita Mama Luz aliamua kuwaonjesha watu vitafunwa vya kwao bure, ajue kipi wenyeji watakinunua. Neno bure lilifika vijijini kabla ya pikipiki. Mimi nilifika mapema, nimevaa shati la kanisani. Bhoke akaanza kuniletea. Kwanza ndizi iliyoviringishwa kwenye chapati nyembamba kama karatasi, ikakaangwa na sukari hadi inalia kwenye meno. Hiyo hata wewe ungeomba ya pili. Kisha mayai na maziwa yaliyogandishwa, yanatetemeka kwenye sahani bila kuguswa. Nikayala nimefumba macho. Halafu ikaja glasi ndefu yenye barafu iliyopondwa, maziwa, matunda na, nisamehe Mama, maharage. Maharage! Yamepikwa na sukari, ya baridi, unayachota kwa kijiko. Mchimbaji mmoja aliyekaa karibu nami alichungulia mle ndani akauliza, "Sasa ugali wake uko wapi?"

Mwisho wakaleta kitu kinaitwa kalamay. Ni mchele wao unaonata, unasagwa, unapikwa kwa tui la nazi na sukari guru hadi unakuwa mweusi unaong'aa kama grisi. Mimi mtoto wa Kyela niligoma. Nikamwambia Mama Luz kwamba kwetu ukipika wali ukashikana namna hii, mama anakufukuza jikoni na mwiko. Akacheka, akasema, "Kidogo kidogo, taratibu." Lakini mimi nimeshazoea ugali wa huku wa mtama na muhogo, na tonge la ugali ule hulitafuni, unalimeza. Nikakata tonge la kiume, nikalibonyeza kwa dole gumba kama nataka kuchotea mchuzi, nikalitupa lote mdomoni.

Mama, halikwenda popote! Meno ya juu yalishikana na ya chini, ulimi ukafungiwa humo ndani. Nikamtolea Bhoke macho anisaidie, na papo hapo nikasikia sauti ya Mzee Chacha mlangoni: "Hodi humu! Wanasema kuna chakula cha bure?"

Nilikimbilia stoo, nyuma ya pazia. Unajua nani alikuwa amekaa juu ya gunia la sukari? Mama yake Bhoke! Mama huyohuyo aliyewaambia wenzake kanisani kwamba vyakula vya Wafilipino si vya mtu mwenye akili timamu. Aliingilia mlango wa nyuma. Mashavu yamejaa, na mkononi ana kipande kingine cha kalamay.

Sasa elewa, huku si kama kwetu. Kwetu mkamwana ndiye anayemkimbia baba mkwe. Si wewe mwenyewe ulikuwa unajitupa kwenye migomba babu akipita? Huku ni mwanaume na mama wa mke wake. Hawasogeleani, na kula mbele yake ni aibu ya kuvunja uchumba. Na sisi tulikuwa stoo moja, wote midomo imejaa. Yeye akageukia ukuta, akajifunika kanga kichwani. Mimi nikageukia ukuta wa pili, nikainamisha kichwa. Niliogopa, Mama. Niliogopa sana kumkosa Bhoke kwa ajili ya wali.

Pazia likafunguka, Mzee Chacha huyo.

"Mura! We kijana, unafanya nini humu?"

Hata shikamoo sikuweza. Nikainama zaidi.

"Nakuuliza wewe! Huna mdomo?"

Mdomo nilikuwa nao, kazi ilikuwa kuufungua. Nikatoa "mmm" ndogo kama ndama. Mzee akamgeukia mkewe.

"Na wewe?"

"Mmm," ikajibu kanga.

Akasimama akitutazama, mimi ukuta huu, mkewe ukuta ule. Jasho lilinitiririka hadi kwenye soksi. Mara nikasikia anapiga makofi.

"Bhoke! Njoo uone! Kijana amekutana na mama mkwe kwa bahati mbaya, aibu imemkaba hadi sauti imepotea! Hata salamu imemshinda! Huyu amelelewa huyu!"

Bhoke akaja, akatutazama mashavu, akaelewa. Akauma kitambaa cha kichwa asicheke.

"Ndivyo alivyo, baba," akasema. "Ni mtu kimya sana."

"Basi waambie kwao waje. Ukoo wa watu kimya ndio nautaka."

Nililia, Mama, na si kwa sababu ya meno. Jioni Bhoke aliniletea kifurushi cha jani la mgomba, ndani kalamay imekatwa vipande vidogo vidogo. "Mama amesema ule taratibu," akaniambia. "Na amesema hajawahi kukuona kule stoo."

Kwa hiyo jiandaeni mje, mpunga ukishaingia ndani. Nisalimie bibi aliyenilea, mwambie miguu ipakwe mafuta, safari ni ndefu. Nisalimie dada yangu na shemeji, na shangazi muuza samaki. Na msalimie baba mdogo Asajile. Najua yeye ndiye msemaji wa ukoo na hatuwezi kumwacha. Ila najua pia kwamba alipokwenda kumposea kaka, wenye nyumba walizima taa yeye bado yuko kwenye utangulizi. Usimwambie chochote. Mwambie tu kwamba huku mgeni wa heshima huonjeshwa kitu kitamu kabla ya kugonga mlango wa wakwe, na kwamba kinaliwa kama ugali.

Kipande chake nimeshamwagiza Mama Luz. Kikubwa.

Mwanao anayekukumbuka kila wali unapoiva,
Ambakisye