Patasi Iliyonichana Kiganja

Wanangu,

Atakayetangulia kurudi aoshe damu ya karakana kwa maji baridi. Ya moto yataigandisha.

Patasi pana imepata pengo, inoeni. Ifungeni kwenye kile kibano chenye gurudumu, ncha itokeze milimita thelathini, kazeni skrubu, pakeni jiwe la kunolea mafuta, kisha vuteni taratibu. Msikandamize.

Asubuhi Kitinda alimcheka kaka yake akinoa, kwamba kibano ni cha wasiojua kazi. Nikadhani ni utani wenu wa kila siku. Mkubwa, ukamkaba mdogo wako hadi macho yakamtoka. Kitinda, ukampasua kaka yako mdomo kwa kibano hicho hicho. Ndipo wewe, Mkubwa, ukainua patasi, nami nikaingiza mkono katikati. Aliyesema “Leo nakuua” nilimzaa mimi, na aliyeambiwa pia.

Mlipoona damu mkatoka mbio, mmoja huku, mwingine kule. Nikajifunga kiganja peke yangu, kwa meno.

Naenda kushonwa, fundi cherehani wa jirani ananisindikiza. Nimeandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo msinicheke herufi. Mlango wa nyuma sijaufunga.

~~Nikirudi nisimkute hata mmoja wenu.~~

Nikirudi niwakute wote wawili, chumba kimoja.

Hospitali wataniuliza nani kanikata. Nitasema niliteleza nikiwa kazini. Ni mara ya kwanza nawadanganya watu kwa ajili yenu, na ni ya mwisho.

Mama yenu