Ngozi Baridi Hailii

Mjukuu wangu Zaina,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Bibi yako hajambo, na mahindi yamebeba.

Unauliza kwa nini nisiache ngoma, maana dawa za presha zinanipa kizunguzungu. Mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa, mengine nayaacha, marehemu baba aliketi akiipasha ngoma motoni, nasi vijana tukimhimiza apige. "Ngozi baridi hailii," alisema. Tukangoja.

Siku hizi nikiamka nakaa kwanza kitandani mpaka kichwa kitulie, kama alivyoniagiza daktari wa zahanati. Ngoma napiga nimeketi.

Marehemu Mhando, mwenzangu wa ngoma na wa presha, aliona kungoja ni uzee, akaziacha dawa ili acheze apendavyo. Ngoma yake sasa naipasha mimi.

Babu yako,
kijijini Kwaluguru