Sababu ya Safari: Kutembea

Jumamosi. Jua la kiangazi halijatuonea huruma tangu asubuhi, vumbi la kambi limenijaa hadi kwenye kope, na nywele zangu zina mchanga wa Ujiji ambao sina mpango wa kuuosha leo.

Nimekasirika na nimefurahi. Sijui kipi kilitangulia.

Wanablogu wa safari za bei nafuu huanza na tiketi, kisha gesti yenye neti isiyotoboka. Mimi ni mkimbizi, naanza na kibali. Bila karatasi ile yenye muhuri sitoki kambini, na ina mstari unaouliza sababu ya safari. Sote tunajua cha kujaza pale: matibabu, msiba, kumwona ndugu. Kuna wajomba kambini humu wameshafariki mara tatu. Mimi mwenyewe nimemzika shangazi ambaye sikuwahi kuwa naye.

Wiki hii nilichoka kuzika watu. Nikaandika: kutembea.

Karani, mama mtu mzima aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, aliniambia kwa upole kwamba kutembea si sababu, niandike meno. Nikamjibu meno yangu ni mazima.

"Sasa binti yangu, unakwenda kufanya nini huko?"

Nikamwambia naenda kuingia ziwani, nifurahi, nirudi. Jumatatu alinirudisha, Jumatano akanirudisha tena. Alhamisi nilipofika na fomu ileile alicheka kwa kuchoka, akagonga muhuri. Siku moja, na niwe nimerudi kabla jua halijazama.

Kwenye kizuizi cha barabarani karatasi hiyohiyo ikaniponza. Askari aliwapita wagonjwa wote wa ndani ya basi, akaniteremsha mimi peke yangu. Akapekua begi langu na kukuta kanga mbili, muhogo wa kuchemsha na chupa ya maji. Abiria walinong'ona kwamba si ningeandika meno tu, wasingecheleweshwa. Nilisimama juani nikiona aibu, na aibu hiyo ndiyo inayoniudhi mpaka sasa, maana ndiyo mara ya kwanza kusafiri bila kuidanganya serikali.

Ujiji nilifika saa sita, nikiwa na saa moja tu ya kukaa kabla ya basi la kurudi. Ufukweni wanawake walikuwa wanaanika dagaa. Nilimwomba mmoja aniangalizie begi, akaniuliza nimefuata nini, nikamwambia.

"Mimi nimezaliwa hapa, dada," akasema, "na sijawahi kushuka ziwani bila beseni la kazi."

Lakini hakunicheka. Alinionyesha mahali pasipo na mawe.

Sijui kuogelea. Hilo sikumwambia karani. Niliingia mpaka kifuani, nikabana pua, nikazama, nikaibuka nikipiga kelele kama mwehu. Nikarudia mpaka ngozi ya vidole ikakunjamana.

Maji haya ndiyo Mama aliyavuka usiku akitoka Burundi, mimi nikiwa mgongoni. Tangu mtumbwi ulipotia nanga hajayagusa. Nyumbani ziwa halitajwi, na mgebuka, samaki wa humo, hali kabisa. Kwa hiyo nami nina dhambi yangu. Nilijivunia ukweli wa kwenye karatasi, lakini Mama, asiyejua kusoma, nilimwambia naenda Mwanga, sokoni mjini, kutafuta kitambaa.

Niliporudi alikuwa anachambua maharage. Alinishika nywele, akainusa mikono yake. Nikamwambia yote, hata neno nililoandika. Nilingoja anifokee. Aliendelea na maharage yake, kisha akaniuliza kwa Kirundi, bila kunitazama, kama maji yalikuwa baridi.

Nikamwambia hapana, yalikuwa ya vuguvugu.

"Siku ile yalikuwa baridi," akasema.

Nimelia, nakiri. Halafu nikamuuliza kama angependa kuyaona mchana. Hakusema ndiyo. Aliuliza tu kama huko ufukweni kuna mahali pa mtu mzima kukaa.

Jumatatu nitakuwa kwenye foleni, na safari hii naomba vibali viwili. Hata wanirudishe mara ngapi, watanikuta palepale na neno lilelile.

Meno ya Mama ni mabovu kweli. Lakini sitaandika meno.