Uhusiano wa Namna Gani?

Mpendwa Wifi,

Hujambo wewe na watoto? Na lile goti, limepoa au bado linakukataza ngazi? Sisi huku miili ni mizima, ila kichwa changu kimevurugika, ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu. Kwenye simu ungenikatiza kwa kicheko kabla sijafika popote.

Ni kuhusu duka letu la dawa. Unalijua lile jingine la upande wa pili wa barabara, la yule aliyefiwa na mkewe, ambaye wateja humwita Bwana Taratibu kwa jinsi anavyohesabu vidonge mara mbilimbili. Kampuni ya bima ya afya imemfuta kwenye orodha ya maduka inayoyalipia dawa. Kosa si lake. Kaka yake, mwenye duka jingine huko mbali, alibambwa akidai malipo ya dawa ambazo hakumpa mtu yeyote, na sheria yao ni kwamba duka lenye uhusiano na lililofutwa nalo hufutwa.

Basi zamu ikanifikia mimi. Mkaguzi alikuja akasema wamesikia kwamba mimi na Bwana Taratibu tunaazimana dawa. Nikamwuliza, mgonjwa akikosa insulini kwangu nimwache aondoke mikono mitupu? Akanitaka nikajieleze ofisini kwao.

Bwana Taratibu aliposikia, alivuka barabara na koti lake jeupe, akasimama dirishani kwangu kama mteja.

"Mama, kanusha," akaniambia. "Sema hunijui. Wateja wako karibu wote ni wa bima. Ukinitaja, umekwisha."

Nikaona ana akili. Nikaenda nimejipanga.

Dada wa bima, mpole wa watu, aliniuliza kama nina uhusiano wowote na duka lile. Nikafungua mdomo niseme hapana, likatoka "upo". Akauliza ni wa namna gani, wa biashara au wa undugu? Wifi, nikajaribu kuhesabu. Biashara hatuna, hatugawani hata senti. Undugu nao hatuna. Nikasema sijui, ila upo. Maskini naye akachanganyikiwa, akamwita mkubwa wake, ambaye aliniuliza yaleyale, nami nikamjibu yaleyale.

Wametufuta. Mwalimu mstaafu, yule wa kisukari, sasa anapanda basi kufuata dawa aliyokuwa akiijia kwa miguu, na kila nikimwona kituoni roho inaniuma.

Nilipompelekea Bwana Taratibu habari, alifoka. Sijawahi kumsikia akifoka. Aliuliza nimejiharibia riziki kwa ajili ya nini. Nikamjibu kwamba hata mimi ningependa kujua. Hapo akavua miwani, akasema basi huo uhusiano tuupe jina.

Wifi, nimekubali anioe.

Wewe ni wa kwanza kuambiwa. Sijui pale ofisini ulisema moyo au woga. Sijui kama duka la marehemu kaka yako nimeliua au nimeliachia lipumue. Naamka nikitabasamu, kisha nafungua mlango wa duka, naziona zile rafu alizozipigilia kwa mkono wake, na machozi yananitoka. Una haki ya kunitukana. Nitukane, lakini uje unitukane hapa, tukiwa tumekaa pamoja.

Wakumbatie watoto wote, na goti usilifanyie ubishi.

Ni mimi wifi yako, kama bado nina ruhusa ya kujiita hivyo.