Muzee wa Miaka Ine

Goma, mai 1975

Yaya Domitille,

Baridi ya Bruxelles iko namna gani? Hapa ni mvua tu. Yaya, tribinali imekubali nimulete mutoto kwako! Bagalwa, tangu tuachane mukali vile, alimuambia juji mwenyewe: «Mutoto aende na mama yake.» Nilipiga kelele mpaka majirani wakafikiri kuna kilio!

Jana nilipeleka Cirimwami kule Munigi aage koko yake, mama ya Bagalwa. Unajua mutoto alipewa jina ya marehemu bwana ya koko, kwa hiyo koko anamuitaka «bwana yangu» na anamukalisha kwenye kiti ya marehemu. Nilizoea kucheka.

Koko akaniambia: «Mutoto ni wako, mupeleke. Lakini bwana yangu nilimuzika hapa. Uniachie yeye.»

Nikacheka, peke yangu. Cirimwami akamushika koko mukono: «Usilie, mama Bagalwa. Mimi ninabaki.»

Yaya, vile ndiyo marehemu alikuwa anamuita! Mutoto hakumuona muzee ule hata siku moja.

Tangu jana ninamuita jina yake, haitiki.

Tunafika dimanche, siku ya misa. Kule aéroport, tukishuka ndege, umuangalie vizuri, kisha uniambie kama nimemuleta.

Mudogo wako,
Nshobole