Mtaa Wetu Ukutani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua dada ndiye atakayekusomea, basi naye nampa salamu zake hapa hapa. Goti linasemaje? Dawa ya kuchua unaipaka, au umeifungia kabatini pamoja na zile nyingine? Mimi mzima wa mwili. Moyo ndio hautulii.

Unajua kwamba huku ughaibuni nalinda chumba kimoja katika jumba la makumbusho. Mwezi uliopita walitundika humo picha ya rangi, kubwa kama mlango, ya mchoraji wa Kizungu aliyefuatana na jeshi wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza. Ni mtaa wetu wa Dunda, mama. Mchana, kimya, hata kuku hayupo. Kila kitu kimechorwa kama kilivyo: chokaa iliyobanduka, baraza za mawe, kivuli kikali. Chini wameandika: "Mtaa mtupu. Wakazi wamehama."

Wamehama nani? Kwenye kila kizingiti kuna mitalawanda, vile viatu vya mti, jozi kwa jozi. Nani huhama akaacha viatu mlangoni? Watu walikuwa ndani, wamewaziba watoto midomo, wakiwakwepa askari waliosaka wapagazi. Mama yako, Mungu amrehemu, alitusimulia mara ngapi? "Tulijificha uvunguni, lakini baba alivua viatu nje kama kawaida yake. Viatu ndivyo vilivyomtoa." Akabebeshwa mizigo ya jeshi, hakurudi.

Nikamweleza bosi wangu. Akacheka. "Shomari, umeajiriwa kuilinda picha, si kuisoma."

"Basi aliyeajiriwa kuisoma kaisoma vibaya," nikamjibu.

Nikawaandikia wakubwa kurasa tisa. Watu hawa wana maktaba nzima juu ya nchi yetu, na humo sisi hatumo hata majumbani mwetu. Jibu lao lilikuwa karatasi ya kusaini: nisizungumze na wageni kuhusu picha ile, ama niache kazi. Na kibali changu cha kuishi huku kimefungwa kwenye kazi hiyo. Nikasaini, mama. Mimi niliyegombana na masheikh, wabunge na wahariri, nilisaini kama mtoto.

Siku nne nilizunguka chumba kile, kiti hakikaliki. Juzi bibi mmoja mgeni akasimama mbele ya picha, akaniuliza, "Hawa watu wamekwenda wapi?" Bosi alikuwa nyuma yetu, namwona.

Nikasema, "Hawajaenda popote. Wamo ndani. Mmoja wao ni babu wa mama yangu."

Kazi yangu inakwisha Ijumaa, kisha narudi. Utasema, "Mdomo wako umekurudisha tena." Nigombeze, nitasikiliza.

Nisalimie mjomba wa Mkange, shangazi wa Lugoba, na jirani yetu muuza vitumbua. Ila kabla ya Ijumaa, dada anipigie simu anitajie jina kamili la babu yako, na la baba yake pia. Pale mlangoni pana kitabu cha wageni, na humo kila mtu ana ruhusa ya kuandika.

Mwanao asiyenyamaza,
Shomari